Wimbo wa Nne Kwenye Orodha Yangu

Nilinunua spika ya pili kwa sababu ya ng'ombe. Aibu yangu ni kwamba siku ile naibeba kutoka mjini, nimeikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, niliamini nainunua kwa sababu ya mtu.

Mtu mwenyewe ni jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta hapa Kimumu, pembeni mwa Eldoret. Ni mama mtu mzima, mjane, aliyepika katika shule ya bweni mpaka akastaafu. Ana nyumba ya vyumba viwili, ng'ombe mmoja wa maziwa, wa gredi, na maneno machache. Machache kiasi kwamba ukimsalimia asubuhi na akakujibu, hilo jibu linaweza kukutosha mpaka Jumapili. Basi mama wa namna hiyo alipoanza kuniulizia nyimbo zangu, kichwa kilivimba hadi kofia ikakataa kuingia.

Wacha kwanza nieleze hizo nyimbo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nafuma sweta za shule kwa mashine iliyo kwenye chumba cha mbele, na natoka nje ya geti mara mbili kwa wiki, moja ya hizo ikiwa ni kwenda kanisani. Wengine wanasafiri, mimi nina orodha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakaa na daftari, nachagua nyimbo kumi za kantri, zile za Wamarekani wa mashambani, nitakazosikiliza mwezi unaofuata. Vijana wanaita playlist na wanazo hamsini kwenye simu. Mimi ninayo moja, na ina kanuni nyingi kuliko chama cha akina mama. Nyimbo ni kumi, si tisa, si kumi na moja. Zinafuatana vile vile kila siku. Mmoja lazima uwe wa gari moshi, mmoja wa mama mzazi, mmoja wa mtu aliye jela, na mmoja wa mtu aliyeachwa, ingawa huo wa mwisho haujawahi kunisumbua kuupata, maanake hao watu wote wameachwa. Halafu kanuni kubwa kuliko zote: wimbo ukimaliza mwezi wake, unatoka. Hakuna wimbo unaokaa kwangu miezi miwili. Hata uwe mtamu namna gani, unapisha wenzake.

Ugonjwa huu niliurithi. Baba yangu alitoka mkoa wa Magharibi akaja Eldoret kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na kila Jumapili baada ya ibada alivaa kofia ya ukingo mpana, akiwa ndani ya nyumba, kwenye kiti, mbele ya redio. Hatukuruhusiwa kuuliza kwa nini. Na hata tungemuuliza nani? Mji mzima uko hivyo. Nenda harusi, utakuta kantri. Nenda matanga, kantri. Mchango wa kanisa, msemaji akikaukiwa na maneno, kantri. Tunatikisa vichwa polepole kama watu wanaoelewa. Mimi na kidato changu cha nne nashika neno moja la Kiingereza chao katika kila manne, na hayo matatu mengine nayajaza kwa huzuni yangu mwenyewe. Lakini wanaimba juu ya nini, kwani? Shamba, ng'ombe, mvua, mama, na lori lililokwama kwenye matope. Hebu niambie hapo ni kitu gani mtu wa Eldoret anahitaji kutafsiriwa.

Nyimbo zenyewe huniletea mke wangu. Yeye ni karani kwenye agrovet mjini, huko wanakouza dawa za mifugo, na jioni hupitia duka la simu karibu na kazini kwake, wanamjazia kwenye flashi. Mimi nazihamishia kwenye kompyuta kuukuu ambayo binti yetu alituachia alipoenda chuo. Kompyuta hiyo imejaa mpaka pomoni, kwa hivyo kila mwezi ukiisha nafuta zile kumi za zamani ndipo nipate nafasi ya mpya. Nasisitiza hapo: nafuta. Mtakuja kuona.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikuwa na nyimbo tisa nzuri na nafasi moja tupu. Ya nne. Niliijaza kwa wimbo ambao hata jina haukuwa nalo, tarakimu tu. Jamaa anaimba polepole kama aliyefinywa pua, na nyuma yake gitaa linalia kama mlango ambao haujatiwa mafuta tangu uwekwe. Niseme ukweli, ulikuwa wimbo mbovu kuliko wote niliowahi kuandika kwenye lile daftari. Niliuweka kwa sababu orodha lazima iwe ya kumi.

Nawasha orodha yangu saa kumi na mbili asubuhi ninapokaa kwenye mashine, na tena saa kumi jioni na chai. Wiki ya kwanza ya mwezi haijaisha, jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Fundi."

"Naam, Mama. Chamgei."

"Chamgei. Ule wimbo wa gitaa la kulialia. Jioni utauweka tena?"

"Utakuwepo, Mama."

"Saa ngapi?"

"Naanza saa kumi. Huo ni wa nne, kwa hivyo ni kama saa kumi na dakika kumi."

Alifikiria. "Usichelewe," akasema, na kichwa kikashuka.

Mke wangu alipofika jioni nilimpokea mlangoni. "Nina shabiki."

"Wa sweta?"

"Wa muziki."

Aliweka mkoba chini akaniangalia kwa huruma. "Nani huyo amepatwa?"

Nilipomwambia, alikataa kata kata. Alisema mama huyo hajawahi hata kusifu mvua. Lakini mimi nilikuwa na ushahidi. Siku moja sindano ya mashine ilinikwamia nikachelewa kuwasha, na robo saa haikupita kabla ya ukuta kugongwa kwa fimbo: "Fundi! Umekufa?" Siku nyingine aliniita akaniuliza kama ile sauti haiwezi kupanda kidogo, maanake upande wake inafika imechoka. Imechoka! Nilisema, huyu sasa ana sikio. Kesho yake ndiyo nikaenda mjini, mimi ambaye mji naujua kwa kuusikia, nikanunua spika ya pili. Niliiweka dirishani ikitazama ukuta wake. Nilihisi kama redio ya taifa.

Mwezi wote huo nilifuma huku nimeketi wima. Saa kumi na mbili na dakika kumi, aliyefinywa pua akianza tu, upande wa pili unanyamaza kimya kabisa. Nilimwazia mama wa watu amekaa kwenye kigoda, macho ameyafumba, anakumbuka marehemu mume wake. Kigoda nilipatia. Hayo mengine nilijitungia.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita niliandaa orodha ya mwezi wa saba kwa moyo wangu wote, kwa sababu sasa ilikuwa na hadhira. Nilitoa vumbi kwenye nyimbo ambazo nilikuwa nazificha tangu Krismasi. Nafasi ya nne nilimpa mfungwa mmoja mwenye sauti nzito kama trekta ikipanda kilima. Kisha, usiku wa mwisho wa mwezi, nikafuta zile kumi za zamani.

Asubuhi ya kwanza ya mwezi wa saba kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye soksi. Nikawasha. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, mfungwa akaanza kuungama. Upande wa pili ukawa kimya kama kawaida. Halafu nikasikia ndoo. Haikuwa sauti ya ndoo inayowekwa chini, bali ya ndoo iliyopigwa teke na mtu mwenye miguu minne. Ikafuatwa na neno moja la Kikalenjin, na nimekaa hapa miaka ya kutosha kujua kwamba halikuwa la baraka.

Siku ya pili alikuja mwenyewe getini, gumbuti miguuni, leso kiunoni, na sweta niliyomfumia mimi, yenye matope kwenye viwiko.

"Fundi. Wimbo uko wapi?"

"Upi, Mama?"

"Wa nne."

"Wa nne uko. Ni wa mfungwa. Na subiri ufike pale katikati, anapoanza..."

"Si huyo. Yule mwingine. Wa pua."

"Huyo alikuwa wa mwezi wa sita, Mama. Mwezi umeisha."

"Mwezi ukiisha, na wimbo unaisha?"

"Ndiyo kanuni."

"Ya nani?"

"Yangu."

Aliniangalia kama mtu aliyekuta sufuria imewekwa jikoni, moto umewashwa, na ndani hakuna hata maji. Hapo mtu mwenye akili angeuliza, kwani kuna nini, Mama? Mimi nilimpa hotuba. Nilimwambia masikio ni lazima yazoezwe vitu vipya, kwamba mtu akikaa na wimbo mmoja anazeeka vibaya, kwamba ule ulikuwa wa kujaza nafasi tu na yeye anastahili zaidi ya ule. Nilisema hivyo hasa. Anastahili zaidi.

"Vitu vipya," akasema polepole, kama anayeonja chumvi. Akageuka akaenda zake, na gumbuti zikisema pwata, pwata, mpaka kwake.

Siku ya tatu mke wangu alikwenda na jagi kwa Mama kuchukua maziwa ya jioni kama kawaida. Akarudi na jagi tupu, na amejishika mbavu. Mwanzo nilidhani anaumwa. Kumbe anacheka. Alikaa kwenye kochi akacheka mpaka leso ya kichwa ikaanguka, kisha ghafla akaacha, kama mtu aliyekumbuka kwamba jambo lenyewe si la kuchekesha.

"Baba, kaa chini."

"Nimekaa."

"Kaa zaidi. Ule wimbo wako wa pua, ni wa ng'ombe."

Akanieleza, na yeye kwa sababu ya kazi yake anayajua mambo haya. Ng'ombe wa Mama alizaa mwezi wa tano, na ndama akafa akiwa na siku sita. Ng'ombe aliyefiwa na ndama anaweza kuzuia maziwa. Yamo kwenye kiwele lakini hayashushi. Unamkanda, unampa chumvi, unambembeleza, anakutazama tu. Mama alijaribu kila kitu. Mpaka asubuhi moja, amekaa kwenye kigoda na ndoo tupu, aliyefinywa pua akaanza kuimba juu ya ukuta, na ng'ombe akageuza masikio na maziwa yakaja. Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Tangu hapo Mama akawa anasubiri wa nne ndipo aguse chuchu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambia nini? Ati ng'ombe wangu anangoja redio yako? Mtaa wote ungejaa kwenye ukuta kutazama. Na wewe pia." Alinielekezea jagi. "Alisema ukijua, utavimba kichwa."

Kichwa chenyewe ndio kwanza kilikuwa kinateremka.

"Sasa sikiliza yenye uzito," akasema. Mama ana mtoto wa kiume huko Chepsaita, mtu mzima, ana shamba lake na familia. Si mtu mbaya. Tangu ndama afe alikuwa anamsukuma mama yake amuuze ng'ombe, afunge nyumba, aende akae kwake na wajukuu. Mama hataki. Anapenda wajukuu, lakini anawapenda wakija na kurudi. Hapa ana mlango wake, ufunguo wake, na watu wanaokuja na majagi jioni wakimwita Mama. Basi mwezi wa sita walipatana. Jumamosi hii kijana aje na mnunuzi, saa ya kukama. Wakikuta ng'ombe anatoa maziwa, maneno hayo yaishe kabisa, yasirudi. Wakikuta amekauka, ng'ombe anapanda lori na Mama anafunga nyumba.

"Na alikubali hivyo kwa sababu alijua wimbo upo," mke wangu akasema. "Hakujua kanuni."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Niliikimbilia kompyuta. Unajua tayari nilichokuta. Nilitafuta kila kona, hata kwenye picha za binti yangu za sherehe ya kumaliza shule, na flashi yenyewe ilikuwa imeshafutwa ikajazwa nyingine. Ule wimbo haukuwa na jina, haukuwa na mwimbaji, na katika maneno yake nilikuwa nimeshika mawili tu, na moja kati ya hayo lilikuwa "oo".

Ijumaa asubuhi nilienda mjini kwenye lile duka la simu. Mwenyewe ni Msomali mmoja mpole, ana ndevu nyekundu, na vioo vya duka lake vimejaa chaja, na nilikuwa simjui ila kwa jina la "yule wa flashi".

"Karibu, Mzee. Chaja?"

"Natafuta wimbo."

"Unaitwaje?"

"Sijui. Kwangu ulikuwa wa nne."

Hakucheka. Hilo nitamshukuru siku zote. "Nani anaimba?"

"Mtu kama aliyefinywa pua."

"Hao wote wamefinywa pua."

"Una gitaa linalolia."

"Mzee, hii ni kantri. Gitaa gani halilii? Imba."

Nikaangalia nyuma. Kulikuwa na akina dada wawili wanachagua vifuniko vya simu. Nikaimba kwa puani, mmm, mmm-mmm, nikaweka na gitaa kwa mdomo. Akina dada wakaacha kuchagua. Mwenye duka alifumba macho kama daktari anayesikiliza kifua, akangoja mpaka nimalize.

"Hapana," akasema. "Huo umetunga wewe."

"Sijatunga! Mke wangu aliununua hapa hapa."

"Anajaziwa mia kwa mpigo, Mzee, siwezi kujua ni upi. Wa haraka?"

"Wa kesho saa kumi. Ni wa ng'ombe."

Nilitegemea atanifukuza. Badala yake aliweka chini bisibisi aliyokuwa ameshika. "Ndama alikufa?"

"Umejuaje?"

"Kwetu ni ngamia. Akikataa, anaimbiwa. Nyanya yangu alikuwa na wimbo wake, ngamia mwingine hakuujua." Akachomeka flashi kwenye mashine yake. "Nitakuwekea kantri zote nilizonazo. Mia sita. Umo humo ama haumo. Lakini sisi huimba wenyewe, hatuweki spika. Ukikosa, imba."

"Na hii sauti?"

"Mnyama hajali sauti mbaya," akasema, akanipa flashi.

Nilisikiliza tangu mchana huo mpaka macho yakakataa, na Jumamosi tangu kucha. Kila mmoja mpaka mwisho, maanake hao wote wanaanza sawa. Siku hiyo sikufuma hata ukosi mmoja. Nilikutana na magari moshi mangapi, wafungwa wangapi, akina mama wangapi wanaongoja kwenye veranda, mpaka nikaanza kuwachukia, mimi ambaye nilikuwa nawaita wenzangu. Saa tisa na nusu nilikuwa kwenye mia tatu na kitu. Saa kumi kasoro kumi, lori likasimama nje ya geti la Mama.

Nilibeba kreti ya soda nikaisimamisha chini ya ukuta nikapanda. Kijana wa Chepsaita alikuwa mrefu, ana adabu, amevua kofia mbele ya mama yake. Mnunuzi hakuvua yake. Ilikuwa kofia ya kantri hasa, ya ukingo mpana, kama ya marehemu baba, na mkononi ana fimbo. Mama alikuwa amekwisha kumfunga ng'ombe na kumwekea majani. Alimwosha kiwele kwa maji ya moto, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Akakaa kwenye kigoda. Hakuniangalia. Lakini nilimwona amesimamisha mikono kidogo, anasikiliza upande wangu.

Spika zangu mbili zilikuwa zinaimba habari ya lori lililokwama matopeni.

Akakama. Tone. Tone. Ng'ombe alitafuna majani akaangalia mbali. Mama akapaka chuchu mafuta, akajaribu tena. Mnunuzi akagonga kiatu chake kwa fimbo. Kijana akasema kwa sauti ya chini, na sauti yenyewe haikuwa na furaha, "Mama, si unaona."

Mama aliacha kukama. Alishika tu ukingo wa ndoo, na hiyo mikono iliyopikia watoto wa watu miaka yote hiyo nikaiona imezeeka kwa dakika moja.

Nilishuka nikakimbia ndani kwangu nikazima spika, nikarudi kwenye kreti. Na nikaimba.

Sitaki kupamba. Niliimba kwa puani, nimeshika ukuta kwa mikono miwili, na kwa sababu maneno niliyokuwa nayo ni mawili, mistari iliyobaki niliijaza kwa kitu pekee ninachokijua kwa moyo. Niliimba vipimo vya sweta. Kifua thelathini na mbili, oo, mikono mirefu, ukosi wa V, mistari miwili ya maruni chini, oo. Palipo na gitaa nikalia kama mlango.

Mnunuzi aligeuka. Kijana aligeuka. Ng'ombe hakugeuka, ila sikio moja lilirudi nyuma, likakaa hapo. Akaacha kutafuna. Mimi nikaingia ubeti wa pili, saizi za darasa la nne. Na ndipo nikasikia ile sauti ambayo mwezi mzima nilikuwa naiziba kwa spika zangu mbili: chwaa, chwaa, chwaa, maziwa kwenye ndoo.

"Mama," kijana akasema, "huyo ni nani?"

"Ni redio," Mama akasema bila kugeuka. "Usiisimamishe."

Niliimba mpaka saizi zikaisha, nikaanza upya na za nasari. Sauti ilinikatika mara mbili, na mara zote mbili maziwa yalikatika pia, kwa hivyo nilikuwa naogopa hata kumeza mate. Ndoo haikujaa. Ilifika nusu na zaidi kidogo, kisha ng'ombe akanyanyua mguu kusema leo inatosha, na mimi nikamshukuru kwa sababu nilikuwa nimebaki na upepo tu.

Kijana aliinama akaitazama ile ndoo. Halafu akacheka, akatikisa kichwa. "Haya, Mama. Tulipatana." Mnunuzi alipanda lori lake bila ng'ombe, lakini kabla ya kupanda aliniangalia kule juu ya ukuta, akagusa ukingo wa kofia yake. Sijui kama ilikuwa heshima ama pole. Mke wangu, aliyekuwa amerudi kutoka kazini bila mimi kumsikia na alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, anasema ilikuwa pole.

Wimbo wenyewe niliupata Jumatatu, kwenye mia tano na kitu. Ulikuwa mbovu vile vile. Nimeunakili mara tatu, kwenye kompyuta, kwenye flashi mbili, na moja ya hizo flashi iko kwa Mama ndani ya kabati la vikombe. Kanuni ya miezi miwili nimeifuta kwenye daftari kwa mstari mmoja, na mwaka sasa unakaribia kuisha wa nne ukiwa ni ule ule. Naufumia sweta, naunywea chai, na wakati mwingine kanisani najikuta naupiga kwa kidole kwenye benchi. Ng'ombe amepandishwa tena na mke wangu anasema amekubali, ameshika mimba. Ndama akizaliwa akiwa mzima, wimbo hautahitajika. Nilidhani nitafurahi, na kumbe nina kawivu kadogo.

Lakini mtu kama mimi haponi kwa dozi moja. Wiki iliyopita nilikaa nikawaza: ng'ombe anapenda wa nne, sawa, nimekubali. Lakini mwenye ng'ombe? Amekaa kwenye kigoda asubuhi na jioni, mwaka mzima, na kabla ya wa nne kuna wa kwanza, wa pili na wa tatu. Haiwezekani kwamba hakuna hata mmoja uliomgusa. Kwa hivyo nilipopeleka jagi mwenyewe, jambo ambalo lenyewe ni safari kwangu, nilingoja amalize kumimina, nikajikohoza, nikamwambia orodha ya mwezi ujao iko karibu na ningependa maoni yake. Katika zote alizosikia, ukiacha ule wa nne, ni upi ulimfurahisha?

Mama alifunika ndoo, akapangusa mikono kwa leso, akanipa jagi langu.

"Fundi, mimi husikiliza kwaya. Hizo zako ni za ng'ombe."